Hodi, Kakuma

"Huyo mwanamume ni nani?" Wahu aliuliza, akiinama juu ya bega la Kiprop.

"Sijui."

"Basi mbona umekunja uso kama umelamba ndimu?"

Kiprop alizidi kuikodolea skrini. Kazi yake katika ofisi ya Lodwar ilikuwa kutengeneza kompyuta za zahanati za mbali bila kupanda gari. Aliipigia kompyuta ya zahanati ya Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kupitia mtandao. Amri yake ikakatwa vipande vidogo, kila kipande kikashika njia yake, vikakutana Kakuma na kujipanga upya. Kisha skrini ya huko ikafunguka mbele yake. Picha tu. Sauti haikuja.

Na kwenye skrini ya Félicité, mchumba wake, karani wa zahanati, palikuwa na kijana mtanashati akicheka. Félicité mwenyewe, kwenye kidirisha cha pembeni, alikuwa akifuta machozi huku akicheka naye.

Ushahidi ulimtosha. Akaiamuru kompyuta ijizime.

"Kiprop!" Wahu akashtuka. "Hiyo ni kazi au ni wivu?"

Simu ikalia.

"Chéri, saidia! Mashini imezimika!" Félicité alikuwa akilia. "Mjomba Boris amemshusha mama toka milimani mpaka mjini Uvira, penye mtandao. Ndiyo alikuwa anamkalisha mbele ya kamera. Miaka sita sijamuona mama!"

"Mjomba?"

"Ndugu mdogo wa mama! Leo ndiyo mama angetubariki. Na hii simu yangu ya kabambe haionyeshi picha. Fanya haraka!"

Kiprop alifanya haraka. Lakini kompyuta ile ilikuwa kuukuu. Ilipoamka, gari la kupanda milimani lilikuwa limeondoka, mama ndani yake.

"Shida ilikuwa nini?" Félicité aliuliza jioni.

"Uzee wa mashine tu."

Kesho yake akaipigia tena kompyuta ile. Hakuwa na kazi nayo. Alitaka kujua kama Félicité bado analia. Bila kukusudia akagusa kipanya.

Kule Kakuma, mshale ukatembea wenyewe.

Félicité akaacha kuandika. Kisha herufi zikatokea kwenye ukurasa mweupe:

"Nani huko?"

Kiprop angeweza kutoroka. Hakutoroka.

"Ni mimi. Jana nilikuona na Boris, sikujua ni mjomba. Kompyuta niliizima mimi."

"Umeingia humu mara ngapi?"

"Nyingi."

"Mashini unaipigia, miye haunipigie. Si ungeuliza tu: Félicité, huyo nani?"

"Niliamini nilichokiona."

"Uliona midomo. Neno hukusikia. Hata mwenye nyumba hupiga hodi mke akiwa anaoga. Toka!"

Akatoka. Alijua makosa mengi ya mitambo na dawa zake; dawa ya hili hakuijua. Akapiga simu Uvira, akamweleza Boris yote bila kupunguza.

"Kumbe ni weye ulimliza dada yangu," Boris akasema. "Siku ya soko nitamshusha tena. Si kwa ajili yako. Kwa ajili ya Félicité."

Kisha Kiprop akabadilisha mpangilio wa kompyuta zote za zahanati.

"Sasa zinafanyaje?" Wahu akauliza.

"Zinanitaka nibishe kwanza. Anayefungua ni mwenye skrini."

"Na asipofungua?"

"Nitabaki nje."

Siku ya soko, ujumbe wa Félicité ukaingia: "Picha imekwama. Njoo."

Akabisha. Kwenye skrini yake yakasimama maneno mawili: "Subiri ruhusa." Jasho likamtoka.

"Tulia, bwana," Wahu akamcheka. "Umezoea kupita dirishani."

Hatimaye skrini ikafunguka. Mwanamke mzee, kitambaa cha njano kichwani, midomo imeganda. Kiprop akaikwamua picha, midomo ikaanza kwenda. Alichokuwa akisema mama hakujaribu kukibuni. Kiprop alikuwa anataka kujitoa wakati herufi zilipotokea pembeni:

"Mama anauliza, huyu mkwe wa kujificha hana sauti? Nimemwambia yote."

"Wewe je?"

"Miye bado nina hasira. Lakini nipigie. Miye, si mashini."

Kiprop akajitoa kwenye kompyuta, akachukua simu. Ikaita mara moja.

"Hodi," akasema.

Félicité aliisogeza kabambe yake karibu na spika ya kompyuta, na sauti ya mwanamke mzee ikaja kutoka Uvira:

"Karibu, mwanangu. Sasa sema mwenyewe."