Kifungo Nyuma ya Sikio

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Pini alikuwa na kazi tatu. Alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa katika chumba cha mbele, ambamo mama yake, fundi cherehani, alishonea nguo za watu. Aliokota pini zilizoanguka sakafuni, kazi iliyompa jina hilo, ingawa wenzake walidai ni kwa sababu ya wembamba wake. Kisha alipiga pasi sare yake mwenyewe.

Wiki tatu hizi kazi ya nne ilikuwa imeongezeka, nayo nyumbani hakuna aliyeijua. Alijifungia bafuni, akainua misuko ya nywele zake, akabandika nyuma ya sikio kitu kidogo cheusi, mfano wa kifungo cha shati.

Alipewa na mjomba wake, fundi wa simu, mtu wa maneno mengi ambaye hata redio mbovu aliiita mradi. "Mpwa wangu, ukikivaa hiki, chochote utakachosoma au kusikia kitaganda kichwani," alimwambia. "Ndiyo kwanza nakijaribu. Ila usimwambie mama yako, unamjua dada yangu alivyo mkali."

Na kweli, vitu viliganda. Pini, aliyezoea kuwa wa ishirini na kitu darasani, alipitisha macho kwenye kitabu cha sayansi mara moja tu, na kila neno likabaki. Shida ilikuwa kukivua. Akikivua, kurasa zote zinaondoka nacho, anabaki anakodoa macho tu mpaka akivae tena. Basi akawa anakivua wakati wa kulala tu.

Na mtihani wa sayansi uliokuwa mbele yao haukuwa wa mchezo. Shule ya bweni ya sayansi ilikuwa imetoa nafasi moja tu kwa darasa lao, ya atakayekuwa wa kwanza, na kila mtu alijua ni nani aliyeihangaikia. Ni jirani yake wa dawati, msichana aliyebandikwa jina la Wakili kwa kupenda kubishana. Tangu utotoni Wakili alitaka kuwa daktari, na mwaka mzima alisoma hata wakati wa mapumziko.

Siku ya majibu, mwalimu wa sayansi alisimama mbele na karatasi mkononi. "Wa pili ni Wakili, tisini na moja. Wa kwanza, msizimie tafadhali, ni Pini. Tisini na nane!"

Makofi yalipotulia, mwalimu akakunja uso kidogo. "Ila Pini, hebu nisaidie. Hapa umeandika, 'Moyo una vyumba vinne. Tazama mchoro wa tatu, ukurasa unaofuata.' Nimeigeuza karatasi yako mbele na nyuma, mchoro sijauona. Na hapa chini, 'Jadili na mwenzako.' Nijadili na nani, mke wangu?"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Nilisahau kuchora, mwalimu."

Mwalimu akamrudishia karatasi. "Haya. Haraka zako hizo."

Wakili hakucheka, na kwa mara ya kwanza hakubisha. Wakati wa kutoka alimpa Pini daftari lake nene la sayansi. "Chukua. Wiki ijayo una usaili kule shule ya bweni. Mimi sina kazi nalo tena."

Hapo ndipo Pini alipouona ubaya wa kile kitu. Hakikuchagua cha kuhifadhi. Njia nzima aliisikia sauti ile ile ya Wakili: "Mimi sina kazi nalo tena." Aliziba masikio, ikaendelea. Akikivua sasa, ataingia kwenye usaili hajui lolote. Asipokivua, atakivaa mpaka lini? Akisema ukweli, mjomba ataumbuka na yeye ataitwa mwizi shule nzima. Akinyamaza, Wakili ndiyo basi tena. Alikumbuka kwamba hata mtu anayepelekwa jela husemwa amepata kifungo. Chake alikuwa anatembea nacho.

Nyumbani alikuta habari zimemtangulia. Mama alikuwa ametandaza kitambaa kipya cha sare mezani, na uso wake wote ulicheka.

"Mwalimu wako amenipigia simu! Njoo nikupime, mwanangu. Simama wima."

Alimpima mabega, kifua na kiuno, akaandika, akachora mistari kwa chaki. Kisha akachukua mkasi, akaufungua juu ya kitambaa.

"Mama, usikate!"

Pini alipeleka mkono nyuma ya sikio, akakibandua kile kitu na kukiweka mezani. Mama alikiokota. "Kifungo cha nani hiki?"

Pini alieleza yote, huku analia. Mama aliuweka mkasi chini taratibu, akakaa kitako.

"Mjomba wako nitampa vidonge vyake," alisema mwishowe. "Wewe, kesho tunakwenda kwa mwalimu mkuu. Utasema mwenyewe. Mimi nitasimama pembeni yako."

Walikwenda. Mwalimu mkuu alikasirika kwelikweli, kisha akampa Pini mtihani mwingine, aufanyie ofisini, mbele ya macho yake. Alipata hamsini na nne. Nafasi ya bweni ikaenda kwa Wakili, na Pini akaomba radhi mbele ya darasa.

Siku mbili Wakili hakumsemesha. Siku ya tatu alishindwa kujizuia. "Yaani swali la moyo umelikosa? Swali rahisi kuliko yote!"

"Si rahisi."

"Ni rahisi!"

Wakabishana mpaka kengele ikalia, na Pini akashusha pumzi kwa raha.

Jioni ile mjomba alikuja, akaomba msamaha, akakivunja kifungo kwa nyundo akiwa amenuna. Alipoondoka, mama alimwita Pini karibu na cherehani.

"Nimepima watu miaka kumi na tano," alisema. "Wapo ambao nikizungusha utepe kiunoni wanabana tumbo, ili waonekane wembamba. Nawaambia, pumua, wewe ndiye utakayeivaa. Hawasikii. Nguo ikiisha inawakaba, hawawezi kukaa wala kula. Ile tisini na nane ulibana tumbo, mwanangu, ndiyo maana ilikukaba. Tena ulikuwa umevaa nguo ya mwenzako. Hamsini na nne ndicho kipimo chako cha leo. Utakua, tutapima tena. Ila mimi nashona kwa kipimo cha kweli tu."

"Na kama kesho nikipata hamsini na tano?"

"Nitashona kwa hamsini na tano."

Pini alifungua kitabu cha sayansi kwenye ukurasa wa moyo. Mstari wa kwanza aliusoma mara nne ndipo ukamwingia. Asubuhi, wakati anaokota pini sakafuni, bado alikuwa anaukumbuka.