Albamu Aliyoisikia Ikupa

Bi Ikupa alikuwa kiziwi kwa miaka tisa, tangu alipougua homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo siku alipoinua kichwa kutoka kwenye kakao aliyokuwa akianika na kuuliza, "Nani anapiga ngoma?" binti yake Prisca aliangusha ndoo.

Redio ilikuwa barazani. Mgeni mmoja wa hoteli ya Matema, kando ya ziwa, ambako Prisca alifua mashuka, alikuwa amemwachia flashi yenye albamu ya roki. Nyimbo nne tu, kila moja karibu dakika ishirini. Gitaa liliunguruma kwa sauti ileile bila kupumzika, kama injini ya boti iliyokwama mchangani. Ngoma ilidunda mara moja, ukasahau kama ipo, kisha ikadunda tena. Chini kabisa mwanamume aliimba kama mtu mwenye maji kinywani.

"Mama, unanisikia?" Prisca aliita nyuma ya mgongo wake.

Hakugeuka. Alisikia albamu tu.

Hata hivyo Prisca alifurahi. Kila mchana akitoka kazini aliiwasha, na mama yake akasogeza kigoda karibu, machozi yakimlengalenga.

Siku ya nne Ikupa alisema, "Anajua Kinyakyusa vizuri."

"Nani, mama?" Prisca alimgeukia ili mama yake asome midomo.

"Huyu anayeimba. Ananiita jina langu la utotoni. Anasema nikimwitikia, nitasikia kila kitu."

Prisca alitega sikio. Hakutambua hata neno moja, ila harufu ya tope la ziwani ilitoka kwenye spika, mbichi, nzito. Alizima redio, akachomoa flashi. Kichwa cha mama yake kiliendelea kufuata ngoma: kikasubiri, kikainama, kikasubiri, kikainama.

Kesho yake Prisca alirudi akakuta kuku wanatapanya kakao na mama yake hayupo, akafuata nyayo mpaka ufukweni, akamwona ndani ya ziwa, maji yamemfika kifuani, anapiga hatua moja, anasimama kwa muda mrefu, anapiga nyingine, na ingawa Prisca alijua haisaidii alipiga kelele njia nzima huku akimkimbilia, akamshika kitenge, akamvuta, na aliposogeza sikio kwenye shavu la mama yake ili kusikia kama anapumua, alisikia gitaa.

Akamwita Bibi Naomi kutoka kijiji cha Talatala, aliyejulikana kwa kutoa mapepo. Naomi aliketi mbele ya Ikupa, akasema polepole, midomo ikionekana.

"Hili ni jini, na mimi siwezi kulifukuza peke yangu. Limekuomba wewe uitike. Wewe ndiye wa kulikatalia."

"Likiondoka nitabaki na nini?" Ikupa alilia. "Huyu mtoto sijamsikia tangu akiwa darasa la saba."

Prisca alimsogelea. Alipiga magoti, akamshika miguu.

Ikupa alimtazama usoni. Kisha akaigeukia redio iliyozimwa.

"Sikusikii," alisema. "Sikusikii. Sikusikii!"

Maji meusi yalichuruzika kutoka kwenye spika, yakaenea barazani, yakakauka. Kichwa cha Ikupa kikatulia. Naomi aliitupa flashi kwenye makaa, akaomba mpaka ikayeyuka yote, akaenda zake.

Mama na binti walibaki wamekumbatiana. Ikupa aliweka kiganja kwenye koo la Prisca.

"Sema kitu, mwanangu. Nikushike sauti hata kwa mkono."

"Ndaga, mama," Prisca alishukuru. "Ndaga kwa kubaki nami."

Ikupa alitabasamu. Prisca alifunga mdomo, naye akatabasamu.

Chini ya kiganja, koo liliendelea kuunguruma kwa sauti ileile, bila kupumzika. Kisha kitu kikadunda mara moja.

"Nyamaza, Prisca," Ikupa alinong'ona.

Prisca, mdomo umefungwa, alimtazama bila kuelewa.