Kaboni Moja

— Usinywe, data.

Generosa aliudaka mrija wa baba yake ukiwa umebakiza kidole kimoja kufika mdomoni. Wazee waliozunguka mtungi wakamgeukia wote. Kule Muyama, binti anayeposwa hukaa ndani na shangazi zake mpaka aitwe. Hatoki mbio, peku, kuja kumnyang'anya baba yake pombe ya wakwe.

— Rudi ndani, alisema baba yake, Mzee Nicodemus.

— Nitarudi, data. Weka mrija chini kwanza.

Hakungoja jibu. Aliupiga mtungi teke, na pombe ya mtama ikamwagikia miguu ya wageni waliotoka Kitahana, kule Kibondo, safari ya kutwa nzima juu ya lori. Watu wazima waliruka kuokoa viatu vyao. Siku nyingine Generosa angecheka mpaka mbavu zimuume, lakini siku hiyo alikuwa na hasira.

Sababu ilikuwa Mzee Bazilio, baba mdogo wa Felician, bwana harusi mtarajiwa. Generosa, akiwa ndani, alimsikia akigonga kigoda na kuuliza nani amewasha moto wa majani mabichi, mbona moshi umejaa uani. Moshi haukuwepo. Jua la saa saba lilikuwa linawaka, na mzee alikuwa amejikinga macho kwa kiganja. Wenzake walimtania kwamba ameanza kunywa njiani. Akajibu kwa majivuno kwamba njiani hakugusa kitu, ila jana alionja glasi moja ya dawa ya Felician, ile ya chupa ya kahawia kutoka shuleni, kabla ya kuimimina mtungini. Pombe yao ilikuwa imelala haina nguvu, na kuwapelekea wakwe pombe dhaifu ni kuwaambia kwamba binti yao hana thamani.

Generosa aliijua chupa hiyo. Alikuwa mhudumu wa maabara kwenye shule ya sekondari huko Kasulu, na tangu Ijumaa rafu ya juu ilikuwa na pengo.

Felician alisimama, tai shingoni, mrefu na mzuri kama kawaida yake. Huyu ndiye aliyekuja kuposa, na ndiye mwalimu wa kemia wa shule hiyohiyo.

— Felician, ulichukua chupa ya rafu ya juu?

Alicheka kidogo. Akawaeleza wazee, kwa sauti ya darasani, kwamba kile kitu ni alkoholi, na pombe ni nini kama si alkoholi? Mchumba wake amepatwa na woga wa siku ya posa, wamsamehe. Kisha akainama, akachukua kibuyu kilichobaki na pombe, akakiinua anywe ili kuwatoa wasiwasi.

Generosa alimtazama usoni akitafuta woga. Hakuona hata chembe. Mtu wa watu alikuwa anataka kunywa kweli. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mwalimu wa kemia hakujua.

Alikipiga kibuyu kikaruka.

— Somo hili ulilifundisha wiki tatu zilizopita, alisema.

Kulifundisha, ndiyo, alilifundisha. Felician alisomea baiolojia. Shule ilipokosa mwalimu wa kemia, akapachikwa. Alimwomba Generosa, ambaye alimaliza kidato cha nne akiwa na kemia kichwani kama sala, amsaidie kuandaa masomo kwa wiki moja tu. Wiki ikazaa miaka miwili. Kila jioni binti aliandika, kila asubuhi mwalimu alinakili ubaoni, na wanafunzi sitini wakanakili kutoka ubaoni. Generosa aliona fahari. Alidhani huko ndiko kupendana, na mimi simlaumu, maana penzi likikolea mtu hubeba mzigo wa mwenzake akadhani ni wake.

Felician alimsogelea, akanong'ona.

— Nisitiri, Gene. Mkuu yupo.

Kweli alikuwepo. Mzee Makarius, mkuu wa shule, mtu wa Songea, alialikwa kwa sababu wote wawili walikuwa watu wake. Na niseme ukweli, Generosa angemsitiri. Kama si Bazilio kupapasa hewa akitafuta bega la mkewe, angesema pombe iliingia mjusi, yakaisha.

Mkuu akauliza kuna nini. Felician akawahi kujibu.

— Chupa haikuwa na jina, mkuu. Na anayeandika majina ya chupa ni Generosa. Mimi nimepotoshwa kama ninyi.

Shangazi mmoja akasonya. Generosa aliwageukia wageni.

— Chupa iko wapi? aliuliza.

Mke wa Bazilio aliitoa kwenye kikapu chake. Alikuwa ameitunza aje kutilia mawese, maana chupa ya kioo yenye kizibo kizuri haitupwi. Karatasi ilikuwa bado imebandikwa ubavuni, wino wa bluu, mwandiko wa Generosa. Mkuu alivaa miwani akasoma kwa sauti: METHANOLI.

— Mwanangu, alisema Mzee Nicodemus, hilo neno linasemaje?

— Linasema kila kitu, data. Mwisho wake, oli, ni ukoo. Linakwambia huyu ni wa ukoo wa alkoholi. Mwanzo wake unahesabu kaboni. Metha ni moja. Etha ni mbili. Propa tatu, buta nne. Pombe yetu ni ya kaboni mbili, ethanoli, inalewesha mtu akalala akaamka. Hii ni ya kaboni moja. Ukiitazama ni maji yaleyale, lakini inaua macho, kisha inaua mwenyewe. Ukoo mmoja, tabia mbalimbali, kama watu. Ni ukurasa wa kwanza kabisa. Ndiyo maana kila kitu kikapewa jina lake.

Akamgeukia Felician.

— Niliandika ukurasa huo kwa mkono huu, ukausoma mbele ya watoto, na hukuwahi kuuliza maana yake hata mara moja.

Felician alitazama viatu vyake vilivyolowa.

Bazilio, peke yake aliyekuwa ameionja, alipakiwa kwenye Landrova ya shule kwenda hospitali. Daktari alimtundikia dripu, na akampa kwa kipimo alkoholi ile nyingine, ya kaboni mbili, ili imzuie ndugu yake wa kaboni moja kuleta madhara zaidi. Mzee alipona roho. Jicho la kulia halikurudi.

Siku ya tatu Generosa alikuta kikaratasi kimesukumwa chini ya mlango wa maabara.

"Gene wangu. Mkuu anataka maelezo yako ya maandishi. Andika kwamba karatasi ilikuwa imefutika. Wewe ni mhudumu, utaonywa tu. Mimi nitafukuzwa. Ukiandika hivyo nitakuoa mwezi huu huu, hata baba yako akikataa. Wako F."

Alikisoma mara mbili, akatukana, tusi la Kiha lisiloandikika hapa. Halafu akakaa akaandika maelezo. Aliandika karatasi ilisomeka. Aliandika pia kwamba kwa miaka miwili masomo ya kemia aliyaandika yeye, na kwamba alijua ni makosa, akanyamaza. Hasira yake nusu ilikuwa juu yake mwenyewe.

Felician alishushwa, akapelekwa kufundisha shule ya msingi upande wa Kumsenga, kule Kibondo. Generosa alipewa barua ya onyo, na barua hiyohiyo ilimtaka aendelee na darasa la kemia mpaka mwalimu apatikane.

Asubuhi ya kuondoka, Felician alimfuata maabara akiwa na begi. Macho yalikuwa mekundu. Alisema ameanza kusoma, metha moja, etha mbili, amefika hadi kumi, anazijua zote.

— Vizuri, alisema Generosa.

— Nikisoma nikajua kweli, utanipokea?

— Unadhani nimekuacha kwa sababu hukujua kemia?

— Kwani si hiyo?

Generosa aliweka chini chaki. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililozidi kumkasirisha.

— Kutojua ningekufundisha, Felician. Ningekufundisha mpaka tuzeeke, na wala nisingechoka. Lakini siku ile uani, kitu kimoja ulikijua vizuri sana. Ulijua kosa si langu, ukanyoosha kidole ukasema ni langu, mbele ya baba yangu. Hilo nani atakufundisha kuliacha?

Nje, dereva wa lori la Kibondo alikuwa anapiga honi. Felician alilichukua begi lake akatoka, na Generosa akafuta machozi kwa mkono wenye chaki, akaingia darasani.