Betri za Titye

Kondakta alisema atachukua kimoja: betri ya dada au petroli ya kaka. Vyote viwili katika buti moja, kwenye barabara ya Kibondo iliyochimbika kwa mvua za Novemba, yeye hapakii. Anayetaka ubishi abaki nao Kasulu.

Siti Gharibu hakuwa na nguvu za ubishi. Alikuwa amesimama stendi tangu alfajiri, pindo la baibui limelowa matope mekundu, ukungu umemganda kwenye ushungi. Alimtazama mwenye petroli. Alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi, suruali ameikunja kukwepa matope, na kwapani amebana sanduku jembamba lililoviringishwa mfuko wa mbolea.

"Dumu hilo la nini?" akauliza.

"La jenereta. Sisi ni watu wa taarabu, dada. Tuna harusi Kibondo."

"Na kwenye sanduku?"

"Fidla."

"Fidla na jenereta. Watu husikia kipi?"

Aliyejibu ni mwenzake, jamaa mnene aliyevaa miwani ya jua asubuhi isiyo na jua. Huyo ndiye Saady, mwimbaji wao. Alisema fidla ya Hilali huisikia Hilali peke yake, tena siku jenereta likizima. Hilali alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kuizoea aibu hiyo. Kisha akaliacha dumu kwa muuza maandazi, akaiinua betri mwenyewe na kuiweka wima ndani ya buti. Petroli angenunua hukohuko Kibondo, kwa bei ya hukohuko. Betri ilikuwa ya mteja wa Murungu, hukohuko upande wa Kibondo, na Siti alikuwa anaituma tu.

"Nipe namba yako," Hilali alisema. "Nikujulishe kama imefika imesimama."

Jioni alipiga. Imefika imesimama. Kesho yake akapiga tena, wala hapakuwa na betri ya kuzungumzia.

Siti alikuwa mtu wa miaka thelathini na ushei, mtalaka, mwenye pembe yake ndani ya duka la vitenge la baba yake, Mzee Gharibu. Pembeni hapo aliuza taa za sola, majiko yanayokula mkaa kidogo, na mkaa uliotengenezwa kwa vumbi la mkaa na pumba za mpunga. Sokoni walimwita Bi Mazingira. Walimcheka kwa kikapu chake cha ukindu, kwa sababu kila muuzaji alikuwa tayari kumpa mfuko wa plastiki bure, na kwa mapipa ya maji ya mvua yaliyojaa uani. Yeye hakuwa mtu wa kuhubiri. Alikuwa amewaona akina mama wa kijiji cha Titye wakienda mbali zaidi kila mwaka kutafuta kuni, na kwake hilo lilitosha. Kazi yenyewe ilimchosha. Akifunga duka alikaa juu ya robota la vitenge, akafungua redio ndogo ya sola na kusikiliza taarabu mpaka mwanga wa mlangoni uishe. Hapo tu ndipo mabega yake yaliposhuka.

Simu zikawa za kila siku. Hilali alimweleza jinsi kelele za jenereta zilivyomharibia masikio, kwamba akilala bado linanguruma kichwani. Siti alimweleza kwamba baibui zake zote zina matundu ya tindikali ya betri. Hilali naye alimwita Bi Mazingira, lakini kwa namna nyingine, akilivuta jina hilo kama anayepima uzi. Siti akamwambia muziki wake unanuka petroli.

"Basi nioshe, laazizi," Hilali alisema.

Siti alimtengenezea mtambo. Aliweka amplifaya ya gari, paneli ya sola na kontrola, kile kisanduku kinachokata umeme chenyewe betri ikikaribia kwisha. Betri mbili kubwa aliziazima kwa kikundi cha Titye, kinachoongozwa na Mama Apoline. Akina mama hao walizitumia kuchajia simu za kijiji, na hela hiyo ndiyo iliyonunua pumba. Walizitoa kwa jina la Siti, si kwa jina la bendi. Alimfundisha Hilali kuunga waya kwa namna yake, ukiuzungusha kuelekea kulia, ukiukunja, halafu utepe unarudi juu yake mara mbili. Hilali alijifunza taratibu, vidole vyake vikiwa na adabu ya mtu aliyezoea nyuzi.

Harusi ya kwanza bila jenereta ilikuwa Kasulu. Siti alisimama nyuma, gauni la kijani, mtandio wa hariri wa mama yake. Fidla ilipoingia, wanawake waliokuwa wakizungumza wakanyamaza mmoja mmoja. Hawakujua kilichobadilika. Siti alijua, na alitazama ardhi ili asionekane.

Baada ya hapo mambo hayakuchelewa. Hilali alimwambia Mzee Gharibu kwamba wazee wake wangependa kuja. Ikapangwa Ijumaa moja ya Desemba.

Kabla ya Ijumaa hiyo kulikuwa na harusi moja tu, ya Kibondo, kwa mfanyabiashara mwenye jina.

Betri zilirudi siku kadhaa baada ya harusi hiyo, chini ya maturubai ya lori la mahindi, zikiletwa na Saady. Mvua ilikuwa imekata barabara, na Hilali alibaki nyuma na vyombo vingine. Saady hakuvua miwani. Alisema kuna kijana wa upande wa bwana harusi aliyechezea nyaya wakati wao wanakula, na Hilali hakujua lolote mpaka asubuhi. Aliapa.

Siti alipima. Betri zote mbili zilikuwa zimekamuliwa mpaka mwisho, kisha zikakaa kwenye mvua bila kuchajiwa. Betri ya namna hiyo haiamki, na alilijua hilo kabla hata ya kuweka mita. Akafungua boksi la mtambo lililokuja nazo. Kulikuwa na waya ulioruka kontrola, kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye amplifaya. Kiungo chake kilizungushwa kuelekea kulia, kikakunjwa, na utepe ukarudi juu yake mara mbili.

Alikaa sakafuni kitambo, mita bado mkononi.

Betri zingeweza kulipwa polepole. Lililomkalisha chini lilikuwa jingine. Mume wake wa kwanza hakuwahi kumwambia jambo zito kwa mdomo wake. Akikosa, alimtuma mtu. Hata talaka ililetwa na shemeji, aliyekunywa chai kwanza. Siti alikuwa amejiapiza kwamba anaweza kuishi na mwanamume yeyote, mwenye hasira, hata asiye na kitu, lakini si anayetuma watu. Na sasa Saady alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, anakunywa chai.

Simu ilipoita na kuonyesha jina la Hilali, aliiacha iite. Ikaita kesho na keshokutwa. Alimwomba baba yake awaambie wale wazee wasije kwanza. Mzee Gharibu hakuuliza sababu. Alikunja kitenge alichokuwa amekikunja tayari, akasema Ijumaa ni nyingi.

Kisha Siti akaenda Titye kuwaeleza akina mama. Hawakupiga kelele; afadhali wangepiga. Mama Apoline alisema tu kwamba walimpa yeye, hawakumpa mpiga fidla. Siti alikubali. Alibaki kijijini kuwasaidia kukandamiza mkaa, mashine ya mkono ikigongwa, viganja vyake vikiwa vyeusi hadi vifundoni.

Hapo ndipo Hilali alipomkuta. Pikipiki ilimshusha mwisho wa barabara, akatembea sehemu iliyobaki. Shati halikuwa jeupe tena. Aliwasalimu akina mama kwa Kiha, "Mwakeye," na wakamwitikia kwa kuwa salamu haikataliwi, lakini hakuna aliyempa kigoda. Alisimama mbele yao wote.

"Betri niliziua mimi," alisema. "Taa nyekundu niliiona. Kontrola ikakata katikati ya wimbo, mama wa bibi harusi yuko mbele anatunzwa na ndugu zake. Kuzima muziki mtu akiwa anatunzwa ni kumfukuza mbele za watu. Nikaunga moja kwa moja. Nilijua zitakufa. Nimekuja kuwaambia ninyi, na kuwaambia kwamba nitafanya kazi mpaka zirudi mbili."

Mama Apoline aligeuza macho kwa Siti. Siti hakuacha kugonga mashine.

"Saady ulimtuma lini?" akauliza.

"Kuleta betri? Siku lori lilipopatikana."

"Kuniambia habari ya yule kijana."

"Kijana gani?"

Siti aliinua uso. Alimtazama kwa makini, kama anavyosoma mita, akisubiri mshale utulie. Hilali alikuwa amekunja uso. Polepole alianza kuelewa, na alipoelewa hakujitetea. Alisema tu kwamba Saady anawapenda wote wawili na ana mdomo mbaya, na kwamba yeye mwenyewe amepiga simu kila siku ili aseme haya haya aliyoyasema.

"Ningejua hata usiposema," Siti alisema. "Kiungo nilikifundisha mimi."

"Najua. Nilipokuwa naunga nilikuwazia."

Mama mmoja alikohoa kuficha kicheko. Siti alijifuta viganja kwenye kanga, lakini havikutakata. Alikuwa amechoka, uchovu wa muda mrefu uliokaa mifupani, na alijua swali lililobaki ni moja.

"Ukiwekwa tena pale. Taa nyekundu, mama anatunzwa, betri si zako. Unafanyaje?"

Wote walijua jibu analopaswa kutoa. Ukungu ulikuwa unateremka kwenye migomba, na mahali fulani mtu alikuwa anapasua kuni.

"Nitaunga tena," alisema. "Sitakudanganya, Siti. Kisha nitakuja mwenyewe kukwambia."

Siti alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajaamua, kifupi, kikavu, akaketi juu ya gunia la pumba.

"Basi betri hupewi tena mpaka naingia kaburini," alisema. "Kuhusu mimi, waambie wazee waje Ijumaa."

Mama Apoline akasogeza kigoda kwa mguu, kuelekea aliposimama mgeni.