Mlango Uliokuwa Kwenye Fomu

Saa 7:10 mchana. Chumba cha nyuma cha kinyozi mmoja wa Kastoria, mji wa Ugiriki. Thrasos, kiongozi wa wezi watatu, alitandaza mezani nakala ya fomu ya maombi ya bima. Argyro, msafishaji wa ofisi ya wakala, ndiye aliyeichomoa kabatini.

"Zisis, mwenye karakana, kajaza kila kitu," alisema Argyro. "Karakana ya manyoya. Hakuna anayelala humo. Mlango wa dharura uko nyuma, unatokea uchochoroni."

"Na kama kadanganya?" aliuliza Miltos, dereva.

"Adanganye kampuni ya bima? Wewe endesha gari, kaka."

Wangeingia kwa mbele mji ukiwa umelala baada ya chakula, watokee nyuma, Miltos akiwangoja.

Saa 9:05. Kufuli ya karakana ilikatika. Thrasos na Argyro wakajaza magunia makoti ya manyoya ya minki.

Saa 9:17. Nyuma hapakuwa na mlango. Palikuwa na ukuta wa matofali, uliopakwa chokaa na kutundikwa kalenda.

Karibu na mlango wa mbele, ngazi za darini zililia. Mtu aliyekuwa amelala huko juu alichomoka nje. Shata la chuma la mlangoni likashuka nyuma yake.

"Miltos! Tumefungiwa!" Argyro alinong'ona kwenye simu. Jibu lilikuwa mngurumo wa gari likiondoka.

"Nyie wezi," sauti ya Zisis ilipenya shata. "Nani kawadanganya kuna mlango huko?"

"Wewe, mzee! Kwenye fomu!" alijibu Thrasos.

Zisis alishusha sauti: "Mkaguzi wa bima akiukosa mlango huo, silipwi hata senti. Nyundo iko chini ya meza. Toboeni, nitasema mmeung'oa. Halafu nendeni zenu."

"Unamwamini?" Argyro aliuliza.

"Una mlango mwingine?"

Saa 9:50. Ukuta ulitoboka. Upande wa pili zilionekana buti za polisi waliofika wakati huohuo.

Zisis alikuwa nao, akilia. "Wa tatu kakimbia na makoti arobaini, afande! Kapitia mlango huuhuu!"

Gari la Miltos lilikuwa limeondoka tupu.

Afisa alifungua daftari. "Jina?"

"Thrasos."

"Kazi?"

Thrasos alizitazama pingu alizofungwa, kisha vumbi la matofali mikononi mwake.

"Mwizi. Andika hivyohivyo. Halafu andika kwamba mlango haukuwapo, ila kwenye fomu ya bima. Tumeutoboa sisi, sasa hivi, kwa agizo la mwenye karakana."

Kalamu ya afisa ilisimama. Zisis akaacha kulia.