Unene wa Barafu

"Mzigo umetoka Handeni. Urudishe kabla ya alasiri."

Sauti ya Mzee Isaka, mkuu wa Idara ya Upelelezi, ilikatika kwenye kifaa cha sikioni. Mpelelezi wake, Mwatumu, alikaza mwendo. Tayari alikuwa juu ya pikipiki yake ya Honda, upepo wa barabara ya Sindeni usoni, bastola ya Beretta ikimchoma mbavuni.

Mzigo wenyewe ulikuwa diski ndogo ya kuenea kiganjani. Ndani yake mlikuwa na vipimo vya barafu ya bahari ya Ncha ya Kaskazini, alivyochukua kwa mkono Dokta Elina, binti wa Korogwe. Alasiri hiyo angesimama ukumbini kwao Korogwe, awajibu kwa video wataalamu wa dunia waliohoji kama vipimo hivyo vinaaminika. Nakala za mtandaoni zilikuwa zimefutwa. Asubuhi diski nayo ikaibwa nyumbani kwa shangazi yake Handeni. Bila diski angeitwa mwongo, na kazi ya ujana wake wote ingekwenda na maji.

Simu iliita. Alikuwa Elina.

"Dada, wanasema setilaiti inakosea, basi na sisi tunakosea."

"Na inakosea?"

"Mara nyingine. Theluji hukaa juu, ikadhani yote ni barafu. Ndiyo maana tulitoboa, tukapima mpaka chini."

Mwatumu alitema mate. Shaka ya mtaalamu mwaminifu, wenye tamaa wameigeuza bidhaa ya kuuza!

Mombo.

Basi la Arusha lilikuwa limesimama stendi. Kwa habari za Idara, mwizi alikuwamo, akijiita Habakuki, muuza vitunguu, mzaliwa wa hapo hapo. Picha yake hakuna. Wanaume wamejaa tele, na upekuzi ukianza tu, diski itavunjwa.

Mama mmoja alikuwa akiuza barafu za ubuyu dirishani.

"Shikamoo mama. Zimeganda?"

"Marahaba mwanangu. Juu zimeganda, ndani bado. Umeme umetusumbua."

"Nipe deli zima."

Akapanda. "Barafu za bure jamani! Kwetu kuna harusi!"

Basi likachangamka. Kila aliyepokea aliibonyeza kwanza kwa vidole, kisha akang'ata kona ya mfuko. Aliyekulia stendi hii hafanyi vinginevyo.

"We binti, hii si maji matupu!" mzee mmoja alilalamika kabla hata hajaing'ata.

Kiti cha nyuma, mwanamume mwenye kofia aliitazama yake. Akatoa kisu cha kukunja cha Victorinox, akaipasua katikati.

Ubuyu mwekundu ukammwagikia mapajani.

"Kaka wa Mombo," Mwatumu alisema, "mbona hukuibonyeza?"

Mkono wa mtu yule ulikimbilia koti. Beretta ilikuwa imeshafika chini ya sikio lake.

"Dada, tuelewane. Kila kipimo kina mashaka. Mimi nawasaidia watu kuuliza tu."

"Anayeuliza haibi jibu."

Diski ilikuwa ndani ya soksi yake. Soksi yenyewe ilinuka. Mwatumu aliichomoa diski kwa ncha za vidole, akaifuta kwenye shati la mwizi mwenyewe, kisha akamfunga pingu huku abiria wakimzomea.

Alasiri, Korogwe, Elina alisimama mbele ya kamera, diski ikiwa tayari kwenye kompyuta yake.

"Hapa tulikosea. Na hapa pia. Sasa tazameni tulivyoyagundua makosa hayo."

Ukumbi ukasikiliza.

Mlangoni, kifaa kiliita sikioni mwa Mwatumu. "Mwatumu, uko salama? Unahitaji chochote?"

"Sabuni, mzee," alisema, akashuka ngazi bila kugeuka.