Wimbo Usiomalizwa wa Teta Insaf

Wagdi alikuwa na mdomo. Mtaa mzima wa Shubra ulijua hivyo. Akinunua kiatu cha plastiki leo, kesho kimeshakuwa ngozi ya mamba. Basi jioni ile alipomsindikiza mdogo wake Inas kwenda kuchagua piano, alikuwa ameshajifanya bingwa wa piano, yeye ambaye hata filimbi ya refa ingemshinda.

Ile ya zamani ilikuwa imekufa. Nyuzi zake zilikatika zenyewe, pah! pah! pah!, na chumbani hamkuwa na mtu. Mnunua vikorokoro akaisomba kwa mkokoteni wa punda. Na Jumamosi Inas alikuwa na mtihani wa kuingia chuo cha muziki. Bila piano ya mazoezi, kwisha habari yake.

Mlangoni bibi yao, Teta Insaf, alimdaka Wagdi mkono. Vidole vyake vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi kama tangawizi.

"Inas asiupige wimbo wangu wa Alhamisi. Umenisikia, wewe mwenye mdomo?"

"Teta, nani ana haja nao? Wimbo wa tangu enzi za Farao!"

"Usicheke. Bwana wangu hana wa kumpigia sasa." Akanong'ona. "Anatafuta kiti, mtu wa kumpanda."

Habari za huyo bwana zilijulikana nyumbani. Teta aliumwa alipokuwa bibi harusi, akapelekwa kwenye zar, ngoma ya kupunga pepo, pepo akapanda na kutaja anachotaka: wimbo wake kila Alhamisi jua likizama, na kahawa chungu juu ya piano. Teta akatii miaka yote, mpaka vidole vilipopinda. Ila kulikuwa na kitu kimoja. Hakuwahi kuumaliza. Aliacha sauti moja tu ya mwisho, na wimbo ukabaki unaning'inia, kama mguu unaotafuta ngazi gizani.

Kwa nini? Hakuna aliyeuliza.

Duka la fundi wa piano, Usta Rushdi, lilikuwa chini ya ardhi, nyuma ya kasri la Abdin. Piano zimeegemea ukuta kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Kabla ya kufunua kila moja, mzee aligonga mfuniko kwa kifundo cha kidole.

"Dastur."

"Unabisha hodi kwa nani, Usta?" Wagdi akacheka. "Panya?"

"Kwa mwenyewe, kama yumo."

Inas alikuwa ameshakaa. Ya kwanza ililia kama sahani za bati. Ya pili vitufe vyake vilikuwa vizito, kama kusukuma gari lililozima. Alichungulia ndani, akanusa nyundo zinazogonga nyuzi, akakuta nondo wamekula kitambaa chake. Wagdi akawa anapiga miayo.

Kisha ile ya kahawia, ya mti wa jozi, isiyo na mapambo. Inas akabonyeza kitufe kimoja, akafumba macho, akasikiliza sauti ikififia... ikififia...

"Hii," akasema. "Ila nataka kujua ikipigwa polepole inaimbaje."

"Piga ule wa Teta, basi."

"Una wazimu? Amekataza."

"Amekukataza wewe." Wagdi akamsukuma kwa nyonga, akakaa. "Mimi mwanamume. Umeona wapi mabwana wa zar wakimpanda mwanamume? Wanaume tunapiga ngoma tu, nyie wanawake ndio mnaanguka!"

"Wagdi, hujui hata kupiga."

"Nimeusikia ukutani tangu nanyonya. Tazama kidole cha dhahabu."

Kidole kimoja. Tu... tu-tu... tu. Aliukosea mwanzo, Inas akacheka. Akaukosea tena.

Halafu hakuukosea.

Harufu ya kahawa ikaingia. Kahawa chungu, iliyoungua kidogo. Usta Rushdi akageuka kutazama pembeni. Dukani hamkuwa na jiko.

"Kijana," akasema taratibu. "Hukubisha hodi."

"Wagdi, acha hapo," Inas akanong'ona. "Teta huacha hapo. Acha!"

Wagdi akamkonyeza. Mtu wa mdomo hawezi kuacha kitu mbele ya watazamaji.

Akabonyeza sauti ya mwisho.

Haikufifia.

Aliinua kidole, na bado ililia. Usta Rushdi akafunga mfuniko, na bado. Ilikoma ilipotaka yenyewe. Wagdi akacheka peke yake, akasema hiyo ndiyo piano, bomba kabisa, hata haitaki kunyamaza. Wakaichukua.

Alhamisi wapagazi waliipandisha hadi sebuleni, wakatoka; Wagdi akabaki nayo. Teta akamkalisha Inas jikoni, akavikagua vidole vyake kimoja kimoja, akavinusa.

"Hukuupiga?"

"Wallahi, Teta, sikuupiga."

Teta akashusha pumzi. Jua lilikuwa linazama.

Ndipo wakausikia kutoka sebuleni. Wimbo wa Alhamisi. Kwa mikono miwili, laini, bila kukosea, kama ulivyopigwa miaka yote na vidole ambavyo sasa vimepinda.

Inas akatabasamu. "Nani huyo? Wagdi hajui..."

Tabasamu likamfia usoni.

Teta hakulia. Alichemsha kahawa, na Wagdi, ambaye hanywi kahawa bila sukari ya kujaza kiganja, akasema kutoka sebuleni, kwa sauti ya chini, ya mtu mzima sana:

"Usitie sukari, Insaf."

Hajawahi kumwita Insaf. Hakuna mjukuu anayemwita hivyo.

Wakasimama mlangoni. Mgongo wa Wagdi ulikuwa umenyooka kama wa ofisa. Wimbo ukafika karibu na mwisho.

Ukakatika. Sauti moja kabla.

Akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mwembamba. Hakugeuka. Mkono wake ukapapasa ile nafasi, polepole, kama mtu anavyomkaribisha mtoto.

"Mtihani Jumamosi, sivyo?" akasema. "Njoo ufanye mazoezi, Inas. Njoo unimalizie."

Teta alikuwa amemshika Inas kiuno kwa nguvu zake zote. "Usiumalize! Ndipo anapoingia."

Lakini mguu wa Inas ulikuwa umeshavuka kizingiti.